Derrick wa Baba

Kwa Baba, Derrick, mpelelezi wa kipindi cha Kijerumani cha televisheni, hakuwa mwigizaji. Alikuwa askari mwenzake, ila wa kituo cha mbali. Miaka ile tulipoishi kota za polisi, watoto wa majirani walijazana sakafuni kwetu kutazama KBC kwenye televisheni isiyo na rangi, naye Baba, koplo wa upelelezi, akakaa kitini mwake kama mkaguzi. Mjerumani huyo alisemeshwa Kiingereza cha kubandikwa, midomo kivyake na maneno kivyake. Sisi tulingoja risasi. Derrick yeye husimama sebuleni kwa tajiri fulani wa Munich, macho yake ya mifuko yakiwa nyuma ya miwani mipana, huuliza swali moja, kisha hunyamaza mpaka mwenye nyumba aanze kujieleza.

"Mnaona? Hajamgusa mtu," Baba hutuambia. Kazini kwake kofi lilitangulia swali, na nadhani hapo ndipo mapenzi yalipoanzia.

Basi mwaka 2013 nilikuwa nimekwenda kumsalimia Voi, alikokuwa amestaafu, nikakuta habari kwenye simu: Horst Tappert, aliyeigiza Derrick tangu 1974 hadi 1998, vipindi 281, kwa mujibu wa karatasi za zamani alikuwa askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi, wakati wa vita vya Hitler. ZDF, kituo cha televisheni cha Ujerumani, kilikuwa kimetangaza hakitamrudia tena hewani.

"Baba, umesikia ya Derrick?"

"Amekufa?"

"Alikufa 2008. Haya ni mengine."

Nikamsomea. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Nilitarajia amtetee. Badala yake akaanza kunihoji.

"Alizaliwa lini?"

"1923."

"Na hizo karatasi ni za mwaka gani?"

"1943."

"Kijana wa miaka ishirini hivi. Alijiunga mwenyewe au alichukuliwa?"

"Hawajui."

"Yeye alisemaje?"

"Hilo la SS alikaa nalo mpaka kaburini."

Baba akaguna. Miaka thelathini ya kuandika maelezo ya washukiwa ilimfundisha kutofautisha aliyesahau na aliyeficha, na hakuhitaji nimwambie huyu ni yupi.

Nilipaswa kuishia hapo, lakini nikaongeza kwamba hata Herbert Reinecker, mwandishi wa vipindi vyote vile, alikuwa mwanahabari wa vita wa SS.

"Kumbe ofisi nzima!" Akacheka kwa hasira, mpaka Mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini. "Mambo ya Wajerumani," akamjibu, kisha akanigeukia. "Na Harry je?"

Harry Klein, msaidizi wa Derrick, yule wa kutumwa kuleta gari. Nikatafuta. Mwigizaji wake ni Fritz Wepper, kazaliwa Agosti 1941.

Baba akapiga hesabu kwa vidole. "Vita vinaisha, hajafika hata miaka minne."

"Ndiyo."

"Haya. Huyo mwacheni."