Hati "zisizo za Kijerumani"

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja kutoka Lushoto, bahasha kaibana kwapani. Ndani mlikuwa na barua ya Kiingereza ya wakili wa upande wa pili katika kesi yake ya shamba, na tafsiri aliyofanyiwa na mtu. Tafsiri ilisema hati alizowasilisha "si za Kijerumani". Basi wiki mbili nzima mzee alikuwa akipekua masanduku ya marehemu babu yake, akitafuta karatasi ya enzi za Mjerumani. Wala hakukosa sababu ya kuamini: Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal.

Nikaisoma barua. Neno lilikuwa *germane*.

Mimi ni mfasiri, na nilisikia uchungu. Wakili alisema tu kwamba hati zile hazihusiani na shauri lililopo. Mjerumani hayumo kabisa.

*Germane* asili yake ni Kilatini, *germanus*: ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Humo ndimo Wahispania walimopata *hermano* na Wareno *irmão*, yaani kaka. Kwa hiyo jambo lililo *germane* lina udugu na lile linalozungumzwa. Na sisi tumepita njia hiyo hiyo! Nasaba ni ukoo. Mnasaba ni uhusiano wa jambo na jambo. Yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Siku nilipoyaona hayo yamekaa pamoja nilifurahi mpaka usiku.

Katika matumizi, *relevant* ndilo la kila siku. *Germane* ni zito zaidi, la mahakamani na bungeni, na hufuatwa na *to*. Hutamkwa "jameini", mkazo ukiwa kwenye "mei". Baraza la Wawakilishi la Marekani lina kanuni ya tangu 1789 kwamba marekebisho ya muswada lazima yawe *germane*: muswada wa barabara usichomekewe habari za kodi ya mvinyo. Seneti yao haina kanuni ya jumla ya namna hiyo, na ndiyo maana huko mambo ya mbali hupenyezwa ndani ya miswada. Kwangu mimi, "-husiana na" inatosha mara nyingi, ila panapotakiwa uzito naandika "-enye mnasaba na".

Nilimweleza mzee polepole. Akatoa hati zake, tukazitazama pamoja. Zote zilikuwa za shamba la juu, lenye migomba. Kesi ni ya shamba la bondeni.

"Kumbe ndicho walichokisema, binti yangu?"

"Ndicho hicho, babu."

Akakaa kimya kitambo, kisha akaniuliza kama majirani wawili waliokuwapo siku mipaka ya bondeni ilipopandwa masale wangefaa kuwa mashahidi. Nikachukua kalamu, nikaandika majina yao.