Kujua ni Jambo Moja, Kusoma ni Jingine

Tarehe 7 Novemba 1896, jarida la British Medical Journal lilichapisha makala fupi ya daktari W. Pringle Morgan kuhusu kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana huyo alikuwa na akili nyepesi na hesabu hazikumpa taabu, lakini baada ya kufundishwa kwa miaka mingi alikuwa bado akishindwa kusoma hata maneno mafupi, na alipoandika jina lake aliandika “Precy” bila kutambua kosa mpaka alipoonyeshwa zaidi ya mara moja. Katika makala hiyo mwalimu wake alinukuliwa akisema kwamba Percy angekuwa mwanafunzi hodari kuliko wote shuleni iwapo mafunzo yote yangetolewa kwa mdomo. Mwalimu yule aliliona jambo ambalo mimi, kama mwalimu wa kusoma, ningependa kila mzazi na kila mwalimu mwenzangu alitazame kwa makini, yaani kwamba mtoto anaweza kuwa na ujuzi ambao karatasi haiwezi kuuonyesha.

Hali kama ya Percy leo huitwa ulemavu wa kujifunza. Ulemavu huu haumaanishi upungufu wa akili kwa jumla, wala si matokeo ya utoro, uoni hafifu au malezi mabaya. Ni ugumu mahususi unaoendelea kuwapo hata mtoto akipewa msaada: disleksia hugusa kusoma, disgrafia hugusa kuandika, na diskalkulia hugusa namba na hesabu. Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la 2013, unataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kusaidiwa, na unakadiria kwamba hali hii huwapata asilimia 5 hadi 15 ya watoto wa umri wa kwenda shule katika lugha na tamaduni mbalimbali. Kwa makadirio hayo, darasa la wanafunzi 40 lina watoto wawili hadi sita wa aina hii, na hakuna mwalimu anayeweza kusema kwamba jambo hili halimhusu.

Sisi tunaofundisha kusoma kwa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kuwa waangalifu. Lugha yetu huandikwa kama inavyotamkwa, na kwa hiyo mtoto mwenye disleksia mara nyingi hulifikia neno sahihi, ila hulifikia kwa kuchelewa sana. Mwaka 2001 watafiti waliwalinganisha wasomaji watu wazima wenye disleksia wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza, wakaona kwamba Waitaliano, ambao maandishi yao nayo hufuata matamshi kwa ukaribu, walisoma kwa usahihi zaidi, ingawa ubongo wa makundi yote matatu ulionyesha udhaifu katika eneo lile lile. Mwalimu anayehesabu makosa tu, bila kuangalia muda na juhudi, atampita mtoto wa namna hii bila kumwona.

Nimemsikiliza mtoto akilisoma neno “hawakutuambia” katika hadithi. Alianza vizuri, ha, wa, ku, kidole kikiwa chini ya kila silabi; alipofika “tu” akasita, akarudi mwanzo, akaanza upya kwa sauti ya chini, kisha akainua macho na kusema “hawakutuona”. Hakukisia ovyo. Katika neno la Kiswahili viambishi hutangulia na mzizi wenye maana kuu huja nyuma, na kwa hiyo msomaji mzito analazimika kuzishika kichwani silabi nne kabla hajafika mahali ambapo neno linaanza kumwambia kitu. Mwenzake alipoisoma hadithi ile kwa sauti, mtoto huyu huyu aliisimulia yote kwa mpangilio na kueleza kwa nini mhusika mkuu alikasirika.

Mtoto wa namna hii hufundishika, na njia zinajulikana. Anahitaji kufundishwa wazi wazi uhusiano wa sauti na herufi, hatua kwa hatua, huku akiona, akisikia, akitamka na kuandika kwa mkono kwa wakati mmoja, na kurudia mara nyingi kuliko wenzake; msingi huu uliwekwa na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham nchini Marekani tangu miaka ya 1930. Kumrudisha darasa bila kubadili ufundishaji ni kumpa kwa mara ya pili kile kile kilichoshindikana mara ya kwanza. Na ile desturi ya kuwasimamisha watoto wasome kwa zamu mbele ya darasa, nasema bila kusita kwamba kwa mtoto huyu ni mateso, nayo haimfundishi chochote isipokuwa kujificha.

Hapa ndipo elimu jumuishi inapopimwa. Tamko la Salamanca la Juni 1994, lililopitishwa na wawakilishi wa serikali 92 katika mkutano wa elimu nchini Hispania, lilizitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote, na kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, kiliifanya elimu jumuishi kuwa haki. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua kwamba kumweka mtoto katika shule ya kawaida bila kubadili mtaala, ufundishaji na mazingira hakutoshi kuitwa ujumuishi. Mtoto mwenye disleksia karibu kila mara tayari yumo darasani, amekaa na wenzake, jina lake linaitwa kila asubuhi, na bado ametengwa na kila kitabu anachofunguliwa.

Utengano huo hujitokeza zaidi kwenye mtihani, kwa sababu mtihani wa sayansi, wa historia na hata wa hesabu za mafumbo kwanza huwa mtihani wa kusoma. Wapo wanaodai kwamba kumwongezea mtoto muda au kumpa msomaji wa maswali ni upendeleo. Ninaelewa wasiwasi wao, lakini jibu linategemea kinachopimwa: kama tunapima ufasaha wa kusoma, msomaji hawezi kuruhusiwa; ila kama tunapima iwapo mtoto anajua damu inavyozunguka mwilini, kumsomea swali hakumpi jibu. Jambo linalosahauliwa ni kwamba msaada huu hauwezi kuanza siku ya mtihani wa mwisho, kwa kuwa mtoto ambaye hajawahi kufanya kazi na msomaji huvurugika zaidi, na mamlaka za mitihani nazo kwa kawaida hutaka ushahidi wa mapema. Mwalimu wa darasa anaweza kuuandaa ushahidi huo hata kabla mtaalamu hajapatikana, kwa kuandika tarehe, swali lililoulizwa, jibu la maandishi, jibu la mdomo kwa swali lile lile, na muda uliotumika kwa kila moja, kisha kumpa mzazi nakala ili mtoto akihamia shule nyingine asilazimike kuanza upya.