Mteja wa Java yuko Nansio, foleni iko Mwanza: anakwamia wapi?

Chukua mwalo mmoja wa Ukerewe. Mizani inapima dagaa na sangara, kompyuta ndogo iliyo kando yake inaandika kilo, aina ya samaki na namba ya mtumbwi, na kila kipimo kinatakiwa kifike kwenye seva ya mnunuzi Mwanza mjini. Foleni za ujumbe zilitengenezwa kwa kazi za namna hii. Mtumaji anaweka ujumbe, seva inautunza kwenye diski, na mpokeaji anauchukua akiwa tayari. Kwenye Java njia yake ni JMS, yaani kanuni za Java za kutuma na kupokea ujumbe. Seva ninayoizungumzia hapa ni WildFly, ambayo tangu toleo la 10 inatumia Artemis kwa kazi za foleni.

Wengi huandika programu ya mteja, yaani ile inayokaa kwenye kompyuta ya mizani, isiyo na kosa hata moja, na bado haiunganishwi. Kisa chake mara nyingi ni hiki: mteja haendi kwa seva mara moja, anakwenda mara mbili. Safari ya kwanza anakwenda kwenye orodha ya majina, JNDI, na kupewa kitu kinachoitwa ConnectionFactory. Ndani ya kitu hicho kuna anwani. Safari ya pili anaifuata anwani hiyo, siyo ile uliyoandika wewe kwenye programu. Ni kama mgeni aliyeshuka Mwaloni Kirumba akimtafuta mfanyabiashara fulani, akaambiwa "yupo pale pa siku zote." Aliyemwelekeza hakumdanganya, ila maelekezo hayo yanamfaa mwenyeji tu.

Tuandae seva kwanza. Ukiiwasha WildFly kwa faili lake la kawaida, standalone.xml, foleni hazimo kabisa. Tumia standalone-full.xml:

```
bin/standalone.sh -c standalone-full.xml -b 10.20.0.5
bin/add-user.sh -a -u mizani -p 'neno-la-siri' -g guest
```

Herufi -a inamaanisha mtumiaji wa programu, siyo msimamizi wa seva. Kundi la guest ndilo lililopewa ruhusa ya kutuma na kupokea kwenye mipangilio ya mwanzo. Mfumo ukianza kazi ya kweli, tengeneza kundi lako na ulipe ruhusa ya foleni zako tu.

Kisha ingia jboss-cli.sh, sehemu ya kuiandikia seva amri, utengeneze foleni:

```
jms-queue add --queue-address=vipimo --entries=[java:/jms/queue/vipimo,java:jboss/exported/jms/queue/vipimo]
```

Jina la pili ndilo watu husahau. Mteja aliye nje ya seva haoni chochote isipokuwa vilivyo chini ya java:jboss/exported/. Na akitafuta, hataji kipande hicho cha mwanzo. Anaandika jms/queue/vipimo basi. Ukipata NameNotFoundException, anza kukagua hapo.

Upande wa mteja, weka kwenye classpath (mahali Java inapotafuta maktaba zake) faili la jboss-client.jar linalokuja na seva yenyewe, ndani ya bin/client. Usiokote la toleo jingine. WildFly 27, iliyotoka 2022, ilihama kutoka javax.jms kwenda jakarta.jms. Programu iliyoandikwa kwa javax ikipewa jar mpya itapata kitu chenye jina lilelile la ConnectionFactory, lakini cha ukoo mwingine, na itaishia kwenye ClassCastException au ClassNotFoundException. Programu yenyewe ni fupi:

```
Properties p = new Properties();
p.put(Context.INITIAL_CONTEXT_FACTORY,
  "org.wildfly.naming.client.WildFlyInitialContextFactory");
p.put(Context.PROVIDER_URL, "remote+http://10.20.0.5:8080");
p.put(Context.SECURITY_PRINCIPAL, "mizani");
p.put(Context.SECURITY_CREDENTIALS, neno);
Context c = new InitialContext(p);
ConnectionFactory cf =
  (ConnectionFactory) c.lookup("jms/RemoteConnectionFactory");
Queue foleni = (Queue) c.lookup("jms/queue/vipimo");
try (JMSContext j = cf.createContext("mizani", neno)) {
  j.createProducer().send(foleni, kipimo);
}
```

Tazama jina na neno la siri: vimeandikwa mara mbili. Siyo makosa. Safari ni mbili, na kila safari ina mlango wake na mlinzi wake. Ukiita createContext() bila jina, orodha ya majina itakuwa imeshakupokea vizuri, lakini foleni itakukataa kwa AMQ229031, na kwenye logi utaona jina la mtumiaji ni null. Ukiona AMQ229032, umetambulika ila kundi lako halina ruhusa kwenye foleni ile. Namba hizi mbili zinafanana na zinachanganywa sana. Kosa la 31 linatibiwa kwenye programu ya mteja au kwenye orodha ya watumiaji, la 32 kwenye security-setting ya seva.

Sasa turudi kwenye ile anwani. Ukiwasha seva kwa -b 0.0.0.0 ili isikilize kila upande, Artemis haiwezi kumwambia mteja "nenda 0.0.0.0", kwa sababu hapo si mahali. Kwa hiyo inachukua jina la kompyuta yenyewe na kuandika onyo kwenye logi kwamba imebadilisha. Kama kompyuta inaitwa seva-mza, mteja wa Nansio atakabidhiwa seva-mza:8080, na huko kisiwani hakuna kompyuta inayolijua jina hilo. Ukiendesha WildFly ndani ya Docker, programu inayoifungia seva ndani ya kontena, hali ni mbaya zaidi, kwani jina la kompyuta linakuwa zile herufi na tarakimu 12 za kontena. Kwa mteja yote huishia kwenye mstari mmoja:

```
AMQ219007: Cannot connect to server(s). Tried with all available servers.
```

Mstari huu unawapoteza watu. Wanaangalia ping, inajibu. Wanaangalia poti 8080, iko wazi, na lookup yenyewe, ile ya kutafuta jina, imefanikiwa sekunde moja iliyopita! Basi wanamshuku fundi wa mtandao, bure. Chapisha cf.toString() kabla ya kuunganisha, usome thamani ya host iliyomo. Hapo ndipo ukweli ulipo. Dawa yake, kuanzia WildFly 11, ni kuiambia seva anwani ya kuwapa wateja:

```
/socket-binding-group=standard-sockets/socket-binding=http:write-attribute(name=client-mappings,value=[{destination-address="10.20.0.5",destination-port=8080}])
reload
```

Fahamu kwamba Artemis inatumia mstari wa kwanza tu wa client-mappings. Ukiorodhesha anwani moja ya wateja wa ofisini na nyingine ya wateja wa visiwani, ya pili haitasomwa. Chagua anwani inayofikika na wote.

Ziwa nalo lina mambo yake. Mtandao wa simu mwaloni unakuja na kukatika, na umeme vilevile. Kwa mipangilio ya mwanzo RemoteConnectionFactory ina reconnect-attempts ya 0, yaani ikikatika haijaribu tena. Weka -1, ambayo ni kujaribu bila kikomo, na retry-interval ya 2000, yaani kila baada ya sekunde 2. Lakini mpangilio huu unafanya kazi kwa muunganisho uliokwisha kufunguka. Kompyuta ya mizani ikiwashwa alfajiri wakati mtandao haupo, lookup na createContext zitashindwa palepale. Kwa hiyo andika mzunguko wako mwenyewe wa kujaribu, wenye mapumziko yanayorefuka: sekunde 2, 5, 15, 60.

Hatari ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya mtandao kukatika katikati ya kutuma. Ujumbe wa kudumu hutumwa kwa kungoja jibu la seva. Mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, mteja anapata AMQ219016, na hajui kama kipimo kimefika au hakikufika. Akituma tena, huenda kilo 84 za dagaa zikaandikwa mara mbili na mnunuzi akalipa mara mbili. Asipotuma, huenda mvuvi akakosa haki yake. Usiliache jambo hili kwa bahati. Kila kipimo kipe utambulisho wake pale kinapozaliwa, kwenye mizani, na ukipeleke hivi (m ni ujumbe unaotumwa):

```
m.setStringProperty("_AMQ_DUPL_ID", kitambulisho);
```

Artemis ikiona utambulisho uleule kwenye foleni ileile, nakala ya pili inaitupa. Kumbukumbu yake kwa mipangilio ya mwanzo ni 20000 kwa kila anwani, kisha za zamani zinafutwa kupisha mpya, hivyo hifadhidata ya mjini nayo iwekewe sharti la kutopokea utambulisho mara mbili. Na kipimo kiandikwe kwanza kwenye faili au hifadhidata ndogo ya palepale mwaloni. Kifutwe seva ikishajibu, siyo kabla.

Kwa mpokeaji kuna mawili. La kwanza: mteja huvuta ujumbe mapema na kuuweka kwenye kumbukumbu yake, hadi MiB 1. Kipimo kimoja kikichukua baiti 500, hapo zinaingia jumbe zaidi ya 2000. Ukiwasha wapokeaji wawili kusaidiana, wa kwanza anaweza kuzoa zote, na wa pili akakaa mikono mitupu huku kazi imelala. Kwa kazi nzitonzito weka consumer-window-size kuwa 0.

La pili ni redelivery-delay, ambayo mwanzoni ni 0, ikienda pamoja na max-delivery-attempts ya 10. Hifadhidata ikizimika kidogo tu, ujumbe mmoja unajaribiwa mara 10 ndani ya muda mfupi sana, unahamishiwa DLQ, foleni ya jumbe zilizoshindikana, unafuata mwingine. Umeme unarudi, foleni iko tupu, na vipimo vya asubuhi nzima vimelala DLQ. Weka mapumziko ya sekunde 5 kati ya majaribio:

```
/subsystem=messaging-activemq/server=default/address-setting=#:write-attribute(name=redelivery-delay,value=5000)
```

Na ukitumia Session ya zamani badala ya JMSContext, usiigawe kwa thredi mbili, na usisahau connection.start(). Bila hiyo mpokeaji atangoja milele bila kosa lolote kuandikwa.

Foleni ikionekana imeganda, iulize yenyewe:

```
/subsystem=messaging-activemq/server=default/jms-queue=vipimo:read-resource(include-runtime=true)
```

Soma tatu kwa pamoja. message-count 340 na consumer-count 0: hakuna mpokeaji, nenda kawashe programu ya mjini. message-count 340, consumer-count 1, delivering-count 340: mpokeaji yupo, ameuchukua ujumbe wote, na hajauthibitisha. Hapo kwenye seva hakuna cha kutengeneza, tafuta kwenye programu ya mpokeaji mahali ambapo commit() au acknowledge() haifikiwi.