Siku moja maishani mwangu: nesi wa kliniki ndogo na waliokatwa tumbo ng'ambo

Saa 11 alfajiri simu imeita kabla hata ya alamu. Namba siijui ila nimepokea, ukiwa nesi simu ya alfajiri huiachi. "Sista shikamoo, samahani kukuamsha, ni dada yangu yule wa vitenge, anatapika wiki ya pili hii, sasa hata maji yanarudi." Nikamwambia usinisubiri mimi, mpelekeni rufaa sasa hivi. Kimyaa kidogo, halafu, "tulienda juzi sista, wakatuuliza nani kamkata, wakasema turudi kwa aliyemkata." Aliyemkata tumbo ili apungue unene yuko nje ya nchi, saa kadhaa kwa ndege. Basi nikasema mleteni kliniki saa 2, dawa ya dukani msimpe.

Daladala kutoka Mbagala nimesimama mpaka mwisho, na huku kichwani nahesabu wiki. Alikatwa miezi miwili na nusu iliyopita, operesheni inaitwa sleeve, yaani wanaondoa karibu asilimia 80 ya mfuko wa tumbo unabaki kama ndizi hivi. Amepungua kweli, watu Kariakoo wanamsifia, na wengine wanamsema ana ngoma au karogwa, maana nywele nazo zimeanza kutoka. Nywele kutoka mwezi wa 3 mpaka wa 6 ni kawaida kabisa baada ya kupungua haraka, lakini hakuna aliyemwambia, akawa ananunua mafuta ya kuotesha nywele.

Saa 2 na dakika 10 kaletwa na bajaji, kashikiliwa huku na huku, anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye boti la Zanzibar na bahari imechafuka. Nikamwangalia macho, yanachezacheza yenyewe pembeni. Hapo mimi mapigo yakaenda mbio. Ndugu zake wao wana moja tu, "sista mtundike dripu ya glukosi apate nguvu", na wameshainunua njiani, chupa mbili ziko kwenye mfuko.

Naomba hapa mnisikilize vizuri kuliko kote. Vitamini B1 mwilini akiba yake ni ya wiki chache tu, mtu akitapika wiki mbili na hapo alikuwa anakula vijiko vitatu vya uji, akiba imeisha. Sasa mwili ukitumia glukosi unatumia hiyo hiyo B1. Ukimtundikia glukosi kabla ya B1 unaweza kumalizia kabisa kile kidogo kilichobaki kwenye ubongo, na macho yale na kuyumba kule na kusahau vikawa vya kudumu. Yaani kitu ambacho kila nyumba Dar inaamini ndio huruma, kwa huyu ni hatari. Nikazichukua zile chupa nikaziweka chini ya meza yangu, mama yake kaniangalia kama mchawi. Daktari kaja, kakubali, B1 kwanza tena dozi kubwa, halafu maji ya chumvi, halafu rufaa mbio, maana huko lazima waingize kamera waone kama ule mfuko umebana mahali.

Barua ya rufaa nikaiandika mimi akasaini daktari. Nikaomba faili la operesheni, wakanionyesha pdf kwenye simu, kurasa 4, tatu ni risiti. Ya nne imeandikwa afuatilie kwa daktari wa nyumbani. Daktari yupi? Hakuna jina wala namba, hata orodha ya vipimo haipo. Nikaandika tarehe ya kukatwa, aina, siku alizotapika, na kwa herufi kubwa ASIPEWE GLUKOSI KABLA YA B1, nikapiga mstari mara mbili.

Saa 5 nimemtumia meseji yule koodineta, wakala aliyempeleka kukatwa, namba tulipewa na ndugu. Tiki mbili za bluu. Dakika ishirini baadae jibu, "pole sana, mwambieni anywe kidogo kidogo, na akimaliza kupungua tuna ofa ya kukaza ngozi." Sikujibu, ningejibu vibaya.

Mchana mambo madogo madogo, vidonda, chanjo, presha. Ila alikuja pia baba mmoja wa bypass, yaani tumbo limefanywa kifuko kidogo kikaungwa na utumbo, miaka 3 sasa, huyu kakatwa hapa hapa nchini na ana daktari wake anayepokea simu, tofauti unaiona ukimtazama tu. Kafuata sindano yake ya B12 ya kila miezi 3. Namuuliza unatumia dawa gani nyingine, anasema "goti tu mwanangu, nameza diklofenaki za duka la jirani." Jamani! Aliyefanyiwa bypass diklofenaki na brufeni ni marufuku, zinachimba vidonda pale walipounga utumbo. Alishaambiwa, kasahau, miaka 3 sio mchezo. Nikaangalia FBP, kile kipimo cha picha nzima ya damu, damu imeshuka kidogo, nikampigia daktari wake palepale, dakika 5 tumemaliza, abadilishe dawa, apime madini ya chuma, arudi wiki ijayo.

Saa 9 chai na maandazi, ndio tukabishana na daktari. Yeye msimamo wake ni kwamba aliyekata ndiye awajibike, pesa kachukua yeye, sisi tusigeuzwe jalala. Namuelewa, hata mimi leo nimechoka. Lakini nikamwambia dokta, mgonjwa akianguka saa 8 usiku Mbagala, aliyekata atakuja na nini? Binamu yangu yuko Leicester, alifanyiwa kule, utaratibu wa Uingereza ni timu iliyokata inakaa naye angalau miaka 2, na baada ya hapo daktari wake wa mtaani anampima damu kila mwaka, na ikiharibika njia ya kurudi hospitali ipo. Hata kule anasema walioenda kukatwa nje kwa pesa zao wanahangaika hivi hivi kama wa kwetu. Kwa hiyo mimi nasema miaka 2 ya kumfuatilia mgonjwa iwe ndani ya bei, na kabla kisu hakijashika ngozi pawepo jina la mtu wa huku aliyekubali kwa mdomo wake kumpokea, na barua yenye vipimo vya mwezi wa 3, wa 6, mwaka, na kuendelea maisha yote. Kliniki kama yetu sindano tunaweza, damu tunaweza, kumkumbusha protini aanze na yai au samaki kabla ya ugali tunaweza. Tusichoweza ni kubahatisha ndani ya tumbo lake wamefanya nini. Daktari kacheka, "na hiyo barua utaisoma kwa lugha gani?" Hapo kanishinda kidogo.

Saa 12 jioni foleni, nimelala kwenye kiti mpaka konda kaniamsha.

Saa 3 usiku nimepiga simu mwenyewe. Kalazwa. Mdogo wake anasema safari hii wamepokewa, nesi wa wodi kaisoma barua mara mbili na kawauliza nani kaandika kwa herufi kubwa hivi. Kutapika kumepungua, kamera ni kesho asubuhi, macho bado yanacheza. Mama anaomba zile chupa mbili za glukosi, hela yake kumbe. Nimemwambia ziko chini ya meza, aje Jumatatu.