Mwezi wa Arobaini na Saba

Mwishoni mwa Machi 2017, mvua za masika zikiwa zimekolea, nilipigiwa simu na mhasibu wa kikundi kimoja cha wakulima wa chai wilayani Rungwe, akiniomba nitoke Mbeya mjini nikaiangalie programu iliyokuwa ikichapisha stakabadhi za majani mabichi. Waliwekewa programu hiyo katikati ya Februari, na sasa walitaka kuitumia kwa mara ya kwanza kulipa wakulima.

Stakabadhi aliyoniwekea mezani ilisomeka 14/47/2017. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu nimlipe kwa mwezi gani?"

Chini ya karatasi ileile palikuwa na saa: 09:47. Nilipoziona 47 mbili nikajua pa kuanzia. Programu iliandikwa kwa Python, ambayo imerithi kutoka lugha ya C utaratibu wa kuumba tarehe kwa herufi zinazotanguliwa na alama ya asilimia. Katika utaratibu huo, %m ndogo ni mwezi na %M kubwa ni dakika, kama vile %y inavyotoa tarakimu mbili za mwisho za mwaka na %Y zote nne. Mwandishi wa programu alikuwa ameandika %d/%M/%Y, na kompyuta haikulalamika, kwa kuwa kwake maelekezo hayo ni halali kabisa.

Mwezi wa 47 haukunitia hofu, maana kila mtu aliuona. Zilizonitia hofu ni stakabadhi zilizochapishwa kati ya dakika ya 1 na ya 12 ya kila saa, ambazo zilionekana safi. Mama mmoja alipima majani yake tarehe 14 Machi, saa 08:05, na kilo zake zikaingizwa katika Mei ambayo haijafika. Jirani yake, aliyemtangulia mizanini saa 08:02, zake zikarudishwa Februari. Hakuna ambaye angeshtuka hadi siku ya malipo, na hapo mkulima ndiye angeambiwa kwamba hakumbuki vizuri.

Kurekebisha herufi moja kulichukua muda mfupi. Kazi ilikuwa kwenye kumbukumbu, kwa sababu programu ilihifadhi tarehe kama maandishi yaliyokwisha kuumbwa, jambo ambalo naliona kosa kubwa kuliko lile la herufi: tarehe ihifadhiwe kama tarehe, sura yake ipangwe wakati wa kuchapisha tu. Mwezi ulikuwa umepotea kabisa, lakini namba za stakabadhi zilifuatana. Mimi na mhasibu tukazipitia kwa mpangilio huo, na pale siku ilipotoka 28 ikarudi 1, tukajua kwamba Februari imeisha na Machi imeanza.

Katika leja nikaweka %Y-%m-%d, mpangilio wa kiwango cha kimataifa ISO 8601, ambao hata ukipangwa kama maandishi hufuata kalenda. Karani wa mizani naye akaomba jambo moja: wakulima walikuwa wakimuuliza kwa nini karatasi inasema saa nane ilhali walipima saa mbili asubuhi. Hakuna herufi ya kuhesabu saa hivyo, kwa hiyo nikaandika hesabu yake mwenyewe, ya kujumlisha 6 kwenye saa, kugawa kwa 12 na kuchukua baki, na baki likiwa 0 iandikwe 12. Stakabadhi ya mkulima ikawa inasomeka "14/03/2017, saa 2:05 asubuhi", na leja ikabaki na 08:05.