Kilo kwa Kilo

Kabla ya kupima mizigo, mjomba alitupima sisi. Alikuja na mizani ya bafuni kutoka kwake Lang'ata, akaiweka sakafuni kwenye banda la ndege pale Wilson, uwanja wa ndege jijini Nairobi, akatupandisha mmoja mmoja huku akiandika. Binamu yangu alivua viatu kwanza. Akaambiwa avivae. "Kwani viatu vyako vitakwenda kwa basi?"

Tulikuwa tunaelekea Cape Town kwa Cessna 182, ndege ndogo ambayo mjomba aliinunua kwa kuchangiana na marafiki zake. Ina viti vinne, kwa hiyo nilidhani hubeba watu wanne, mabegi yao na mafuta tele. Kumbe ni lazima uchague. Lita moja ya avgas, petroli ya ndege ndogo, ina uzito wa karibu gramu 720, na mafuta hayo huyapati kila kiwanja, kwa hiyo alitaka matangi yajae. Isitoshe, Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi, injini ikapungukiwa nguvu na mabawa yakakosa cha kuegemea. Vilivyopunguzwa ni vitu vyetu. Kikapu alichotufungia nyanya yetu kilirudi nyumbani karibu chote. Chapati zilipona. Chupa ya chai iliachwa, ila si kwa sababu ya uzito: "Humo ndani hamna choo."

Kisha fomu, mihuri, foleni ya pasipoti, fomu tena. Mjomba hakugombana na mtu, ila kila mara alitoka nje kuangalia jua lilipofika.

Ndege ilipokimbia hatimaye, njia ya kurukia ilikwisha upesi kuliko nilivyopenda. Mbuga ya Nairobi ikapita chini yetu, twiga wakionekana vizuri kabisa, jambo ambalo halikunifurahisha: nilitaka wawe wadogo zaidi.

Baada ya Kajiado tulitulia kwenye futi 9,500, karibu mita 2,900. Mawingu yalikuwa machache, na karibu na Namanga Kilimanjaro ikajitokeza upande wa kushoto. Nimeshauona mlima huo nikiwa barabarani, na nimeuona nikiwa kwenye ndege kubwa, unapoutazama kwa chini kama mtu anayekagua shamba lake. Sasa nilikuwa angani na bado nikalazimika kuinua shingo. Kilele kina mita 5,895; sisi tulikuwa nusu yake tu. Mjomba hakuusogelea. Upepo unaoshuka kutoka mlima wa namna ile, alisema, hauna adabu.

KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, tulitua kwenye njia yenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, tukatumia kipande kidogo tu, kisha tukatambaa muda mrefu hadi kwenye maegesho. Fomu tena.

Kutoka hapo hadi Dodoma sina mengi ya kusema. Ilikuwa mchana, nyika ya Wamaasai imechemka, joto linatusukuma juu na kutuachia ghafla. Binamu alishika mfuko wa karatasi kwa mikono miwili na hakuuliza lolote hadi magurudumu yalipogusa lami katikati ya mji.

Jioni, mjomba akiwa bado kwenye simu anatafuta avgas ya kesho, nilimkuta binamu mapokezi akimuuliza dada wa hoteli mabasi ya Mbeya huondoka saa ngapi.