Nilivyoonesha chapa zangu mjini nikiwa bado chuoni

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya sanaa, hapa Dar es Salaam, nilialikwa kuonesha chapa zangu, yaani picha ninazochonga kwenye ubao na kuzichapa kwa wino kwenye karatasi, katika ukumbi mmoja wa Oysterbay pamoja na wasanii wengine, wote kaka na dada zangu katika fani. Mwaliko ulikuja kwa WhatsApp ukiuliza tu kama nina kazi 12 zilizo tayari. Kazi nilikuwa nazo. Nilichokuwa sina ni ruhusa, maana chuoni kwetu kulikuwa na kanuni iliyokuwa ikisemwa kwa ufupi: mwanafunzi haoneshi nje.

Ukimuuliza mtu imeandikwa wapi, hajui. Yeye aliambiwa na mtu wa mwaka wa tatu, naye huyo aliambiwa na mwingine aliyekwisha kuhitimu. Basi nikaenda kwa katibu muhtasi wa idara kuomba kijitabu cha kanuni, kile tunachogawiwa wiki ya kwanza kisha tunakitumia kuwekea kikombe cha chai. Nikakisoma mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali palipomkataza mwanafunzi kuonesha nje. Kulikuwa na mambo manne, tena yametawanyika kurasa mbalimbali: kazi inayohesabiwa alama isitoke idarani kabla mtahini wa nje hajaipitia, jina na nembo ya chuo visitumike bila kibali cha maandishi, kazi iliyotengenezwa kwa vifaa vya idara isiuzwe bila idara kujua, na maonesho yasiwe udhuru wa kukosa vipindi. Hayo tu.

La mtahini wa nje ndilo nililolichukulia kwa uzito kuliko yote. Kwetu, mwalimu wa kozi anasahihisha kwanza, halafu anakuja mhadhiri wa chuo kingine kuzipitia kazi na anaweza kupandisha alama au kuzishusha. Sasa kama picha imeshanunuliwa na mtalii na iko Oslo, huyo mtahini ataangalia nini? Picha ya simu haioneshi uzito wa wino wala ulivyozama kwenye karatasi. Mwalimu wangu wa uchapaji aliniongezea sababu nyingine: mtahini akishaiona kazi ukutani, ina bei na watu wanaisifia, atakuja kuihukumu kwa macho ya watu. Wenzangu wengi wanaiona kanuni hii kama pingu. Mimi naiona ni ya haki, hasa kwa wanafunzi wasiojuana na mtu yeyote wa kuwaalika popote.

Uchapaji lakini una mlango wa pembeni. Mchoraji wa rangi ana picha moja tu. Mimi nikichonga ubao mmoja ninaweza kuchapa nakala 15 zinazofanana, kila moja nimeiandika namba na sahihi kwa penseli. Kwa hiyo ningeweza kumpa mtahini nakala moja na nyingine nikaitundika Oysterbay, na rafiki yangu mmoja alinisukuma sana nifanye hivyo. Nilikataa. Dar ya wasanii ni ndogo mno. Watu unaokutana nao Nafasi Art Space kule Mikocheni, kwenye zile karakana za makontena, ndio haohao utakaowakuta Alliance Française, na baadhi yao ndio wanaoitwa kutahini.

Nilizitenga kazi mafungu mawili. Fungu la semista ile likabaki kabatini. La pili lilikuwa la kazi zilizokwisha kupita kwa mtahini mwaka uliotangulia, pamoja na zile nilizochonga nyumbani Mbagala wakati wa likizo. Zikafika tisa. Nikamwambia dada aliyekuwa akiyaandaa maonesho kwamba 12 sitazifikisha, naye akajibu kwamba tisa zenye nafasi ukutani ni bora kuliko 12 zinazobanana.

Suala la vifaa lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani. Karatasi na wino nilinunua kwa bumu, kwenye ile sehemu ya mahitaji maalumu ya kitivo inayotolewa na Bodi ya Mikopo, na risiti nilikuwa nazo. Mashine ya kuchapia ndiyo iliyokuwa ya idara. Nakala za kuuza nikazichapa upya nyumbani bila mashine. Karatasi ikiwa laini, mgongo wa kijiko cha pilau unatosha, ila mkono utauma.

Barua yangu ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa mwalimu wa uchapaji. Sikuiandika kama ombi la kusaidiwa. Niliambatanisha orodha ya kazi zote tisa: jina, ukubwa, mwaka, na kozi ilikowasilishwa au maneno "si kazi ya kozi". Nikaandika tarehe ya kutundika, ya uzinduzi na ya kushusha, na kuonesha kwamba hakuna inayogongana na ratiba ya vipindi. Wasifu wangu, ambao ndio pekee uliotaja chuo, niliunukuu mzima ili asije akasema hakuuona. Nilitamani kuweka na historia kidogo, kwamba mwaka 1939 kazi za wanafunzi wa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere, zilioneshwa Imperial Institute jijini London, lakini barua ya kiofisi haipendi hadithi.

Mkuu wa Idara aliponiita ofisini hakuuliza habari za vipindi wala za mtahini.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Hapa umeandika kuuza. Kazi ya mwanafunzi ni ya nani?"

Swali hilo nilikuwa nimelitarajia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa haki mtunzi mwenyewe tangu anapoitunga kazi, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa mwajiriwa mambo ni tofauti, kazi anayoifanya kazini haki zake za kiuchumi zinaweza kuwa za mwajiri. Ila mimi sijaajiriwa na chuo, nakilipa ada. Akacheka, akaniuliza kama wakili wangu nimemwacha nje. Akaweka sharti moja: nakala moja ya kila kazi ibaki idarani hadi nihitimu. Nililikubali bila kusita, kwa sababu mwanafunzi anayeuza kila kitu hufika maonesho ya kuhitimu mikono mitupu.

Kisha akataka kuziona. Kanuni haikusema popote kwamba picha zikaguliwe, lakini nilikuwa nimezibeba. Akazipitia taratibu mpaka akafika kwenye ya mgambo wa jiji aliyebeba meza ya machinga kichwani, miguu ya meza imeelekea juu.

"Na hii nayo inakwenda?"

Nikamuuliza kwa adabu kama kuna kanuni inayoizuia. Akasema hakuna, ila kukitokea maneno chuo ndicho kitakachoulizwa. Picha hiyohiyo idara yake ilikuwa imeipa A. Sikulisema hilo, ingawa lilikuwa mdomoni. Nikapendekeza niondoe mstari unaokitaja chuo kwenye wasifu, niingie kama msanii wa Mbagala na basi. Akafikiri, akatia sahihi. Mpaka leo naona alikosea: chuo kinachofundisha kutazama kisione haya kwa kilichotazamwa. Lakini nilitaka kuonesha mwaka ule, na kubishana kungenichukua mpaka kuhitimu.

Jambo ambalo kanuni haikuligusa kabisa ndilo lililonisumbua zaidi. Chapa yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja anayekaanga samaki kwenye soko la Feri, na uso wake unatambulika. Aliponiruhusu kumchora alijua ni kazi ya shule. Nikarudi Feri na nakala mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umenifanya mnene hivi?" Akaigeuza akaitazama na nyuma. "Na ukiniuza, mimi napata nini?"

Nilikuwa na karatasi ya makubaliano mfukoni, lakini hakuisaini mpaka mjukuu wake alipomsomea kwa sauti mbele ya wateja, ambao kila mmoja alikuwa na ushauri. Tukakubaliana apate nakala moja ya kwake na shilingi 20,000 kwa kila itakayouzwa.

Kuhusu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, niliuliza mapema nani anashughulikia. Baraza hilo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na kutoa vibali vya shughuli za sanaa, na vijana wengi hulikumbuka siku ya uzinduzi. Ukumbi ulisema kibali cha maonesho ni juu yao. Nikaomba waiandike hiyo kwenye mkataba pamoja na mgawo wao wa asilimia 40. Mgawo huo usikutishe, ila upigie hesabu kabla ya kutaja bei. Chapa ya 120,000 inaniachia 72,000. Ukitoa ya mama wa Feri ni 52,000, na bado hujagusa karatasi, wino na nauli. Fremu zingenimaliza kabisa. Mafundi wa Keko walinitengenezea tisa za mti mwepesi, nikaziwekea vioo, na mkataba ukasema picha zinauzwa bila fremu. Fremu hizo ninazo hadi sasa, nimeshazitumia kwingine.

Jingine nililolisisitiza ni kwamba kazi ikinunuliwa inawekewa kidoti chekundu na kubaki ukutani mpaka siku ya kushusha. Mnunuzi mmoja alitaka kuondoka na yake usiku uleule wa uzinduzi kwa sababu ana ndege asubuhi. Kwa mchoraji hapo pangekuwa na ugomvi. Mimi nilimpa nakala nyingine kutoka kwenye bahasha, ya ukutani ikabaki. Ya mama wa Feri iliuzwa kuliko zote. Ya mgambo haikununuliwa na mtu, ila ndiyo iliyopigwa picha na kila aliyeingia, na hakuna aliyekiuliza chuo lolote.

Mwaka uliofuata idara ilitoa fomu rasmi ya maombi ya kuonesha nje. Nilipoishika niliitambua ni barua yangu: orodha ya kazi, kozi, tarehe, wasifu, nakala ya kubaki idarani. Wameongeza kipengele kimoja ambacho mimi sikukiandika, "Eleza maudhui ya kila kazi". Wadogo zangu wanaokuja kuniuliza wajaze nini hapo nawaambia waandike kinachoonekana: samaki, karai, meza.